Nafasi ya Maji katika Kukata Kiu: Mhadhara wa Mtaalamu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, meza kuu, wazee, kina mama, na ninyi vijana mliofuata soda: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni kwa kunisubiri. Mtu wa kiwango changu hawahi.

Nimebobea katika maji. Wako waliosomea maji vyuoni. Mimi nimeyasoma kwa kuyatazama. Wanaoniita Daktari sijawakataza.

Nitaanza kwa kukemea. Nimepita nyumba za mtaa huu nikaona mambo ya aibu. Mama mmoja anachemsha maji, yakitokota dakika moja anaepua, anayafunika yapoe, kisha anayatia kwenye ndoo yenye koki. Nikamuuliza, kikombe cha kuchotea kiko wapi? Ati hakuna, kwa sababu mkono ukiingia kwenye maji na kuhara kunaingia. Mimi nazungumzia sera, yeye ananizungumzia mkono!

Jirani yake amezidi. Anajaza maji yasiyo na tope kwenye chupa angavu za plastiki, anazilaza juu ya bati zipigwe na jua saa sita nzima. Kukiwa na mawingu anaziacha siku mbili. Anadai mionzi inaua vijidudu. Nilimwomba cheti cha jua. Hana.

Wa tatu anatia vidonge vya klorini, maji yananuka dawa. Akanieleza kwamba harufu ile ndiyo askari, maana yake dawa bado imo, inayalinda maji yasichafuke tena. Ndugu zangu, mimi askari anayenuka simwamini.

Na huko Meru nako nimefika. Maji yao hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floridi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa hupinda. Ushauri wangu ulikuwa mwepesi: chemsheni. Isipotoka, chemsheni saa tatu. Binti mmoja wa shule akanyoosha mkono: "Shikamoo mwalimu. Kinachotoka si mvuke tu? Floridi itabaki yote kwenye maji machache." Hakuishia hapo. Akanisimulia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwamba unanasa floridi, na kwamba kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti miaka mingi. Nikamwambia akae chini. Kama mifupa ingesafisha maji, supu ya kongoro ingeongoza kwa usafi Tanzania nzima.

Maji ya heshima ni ya chupa. Ushahidi uko mbele yenu. Ni lini mgeni rasmi aliwekewa jagi? Huwekewa chupa mbili, akazifungua zote, akanywa funda moja, akaondoka na msafara wake. Hiyo ndiyo itifaki. Na usalama wa maji, andikeni hili, uko kwenye mlio. Ukizungusha kifuniko kikasema "trrk", kunywa, usiulize. Maji yangu mimi, ambayo baadhi yenu mmeyaonja, yanatoka kwenye chemchemi ya siri. Siwezi kuitaja. Niseme tu kwamba ina mita, na kila mwezi naletewa bili.

Wenye wivu wataleta habari za Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Mwaka 2024 watafiti wake walieleza kwamba katika maji ya chupa ya huko walihesabu, kwa wastani, vipande vya plastiki kama 240,000 kwa lita, vingi vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wenzangu wakashtuka. Mimi nilicheka. Umenunua maji, umeongezewa na plastiki juu yake. Muuza duka gani siku hizi anatoa basela? Ati bado wanachunguza zinafanya nini mwilini. Wachunguze, sisi tunakunywa.

Mazingira nitayagusa kidogo, nina kikao. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, chupa za maji zikaachwa. Kwangu hiyo ni hati ya usafi. Zile zinazoziba mitaro yetu mnazilaumu bure. Masika yakija, Msimbazi ukafurika, zinapita Jangwani hadi baharini bila kudai nauli.

Maswali sipokei, hasa ya wanafunzi.

Tangazo moja la kiutawala. Chupa zilizobaki meza kuu zisipondwe. Kijana wangu anapita na kiroba. Aliyetia kifuniko mfukoni akirudishe, tena kikiwa na ule mkanda wake wa chini. Chupa tunazo za kutosha, vifuniko vyenye mlio ndivyo vinavyotusumbua kiwandani. Maji yangu yako hapo mlangoni, kwenye beseni la barafu, shilingi 500.