Sifa za Mlio wa Saa Nane za Usiku

Wapenzi wa ngoma za Kisukuma wataendelea kubishana kama Wagika ni wakali kuliko Wagalu. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa tiii! tiii! tiii! ya mashine ya oksijeni iliyo chumbani kwa baba mkubwa, Kahama. Sauti isiyo na bashasha wala adabu, ambayo saa nane za usiku huamsha majirani, kuku na mbwa kabla haijamwamsha mzee mwenyewe.

Mwimbaji gani mwingine huwapigisha watu magoti? Akianza tu, nyumba nzima iko chini ya kitanda na tochi za simu. Umeme wa LUKU umeisha? Kichungi kimejaa vumbi? (Wakati wa kiangazi cha Kahama kichungi tunakiosha kwa maji ya sabuni kila mara, na kikauke kabisa kabla hakijarudishwa, maana unyevu ni sumu ya mashine hii.) Chupa ya maji imefungwa upande? Unachovya ncha za mpira wa puani kwenye glasi ya maji: mapovu yakitoka, hewa inapita, yasipotoka, rudi uvunguni. Na umeme ukikatika ndipo anapokolea, kwa kuwa ana kijibetri chake: analia gizani mpaka mzee afunguliwe mtungi wa akiba.

Siku moja nilimweleza baba mkubwa kwamba mashine inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwenye mirija miwili ya punje za zeolaiti, inayopokezana kunasa naitrojeni, na kinachomfikia ni oksijeni ya asilimia 90 na ushei.

"Na hewa yenyewe ina oksijeni kiasi gani?"

"Asilimia 21."

Akanyamaza, anapiga hesabu. "Duara la asilimia 21!" Kule Rwamagasa, Geita, alikochimba dhahabu, walisaga viroba kwa viroba vya mawe ya duara, yaani shimo la mgodi, wapate gramu mbili tatu.

Rwamagasa ndiko alikoacha mapafu. Karasha lilisaga mawe makavu, vumbi la silika likapanda jeupe kama sembe, naye kinga yake ni kitambaa mdomoni. Karasha lenyewe lilipiga kelele kutwa, lakini vumbi lile halina mlio. Linaingia, linakaa, linatia makovu polepole, na makovu hayo hayafutiki hata ukiacha mgodi ukarudi kulima pamba. Miaka ya mwanzo kila mtu alisema TB. Neno silikosisi lilikuja baadaye, pamoja na mashine.

Mwezi uliopita mwenye duara wake wa zamani alikuja kumpa pole, mwili umejaa, na kreti ya soda mkononi mwa kijana wake. Akavuta kiti, akakaa, akaomba tusali. Ndiyo kwanza anamshukuru Mungu kwa neema zake, tiii! tiii! tiii! Tukakimbilia soketi, tukachomoa kichungi, tukatikisa chupa. Baba mkubwa ndiye aliyeuona mguu wa kiti umekanyaga mpira wake. Akainua kidole, akakusanya pumzi iliyokuwepo.

"Bosi," akasema, "sogea kidogo."