Shukrani kwa Wino Mwekundu: Barua ya Wazi kwa Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili

Ndugu Mkurugenzi,

Nakushukuru kwa kunirudishia pendekezo langu la utafiti wa malezi na mahusiano ya familia likiwa limeiva kwa wino mwekundu.

Nimeelimika. Nilikuwa nadhani mtoto wa Buguruni analelewa na mama, bibi, shangazi na jirani anayekaanga maandazi barazani. Dodoso lenu limenitoa ujinga: lina mistari miwili tu ya walezi, “Baba” na “Mama”. Bibi aliyemlea mjukuu tangu alipoachishwa ziwa nimeelekezwa nimwandike penye “Wengineo”, pamoja na wapangaji.

Nashukuru zaidi kwa kunikataza kwenda majumbani kwa watu na kuniagiza nipime uhusiano wa mama na mtoto kwa kipimo cha maabara cha mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mama anatoka chumbani dakika tatu, mtoto anabaki na mgeni, nasi tunaandika analiaje na anampokeaje mama akirudi. Katika majaribio ya awali, mtoto wa kwanza niliyempima alimparamia mgeni mapajani, akanyakua biskuti, na mama aliporudi hata hakugeuka. Fomu ikasema uhusiano wa mtoto na mama yake una walakini. Mama mtu alicheka mpaka akafunga khanga upya: “Kila siku namwacha na watu, leo ndiyo alie?” Jibu hilo halikuwa na kisanduku.

Lipo jambo moja, nalisema kwa adabu. Ainsworth huyohuyo alianzia Uganda, vijijini karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955. Aliwatembelea akina mama 26 majumbani mwao, kila baada ya wiki mbili, akikaa nao kama saa mbili na kutazama watoto wao. Kitabu alikitoa mwaka 1967. Maabara ilikuja baadaye, huko Baltimore, Marekani. Kwa kanuni zenu, utafiti wake wa Uganda usingevuka meza ya katibu muhtasi.

Kipimo chenyewe ni cha watoto wa miezi 12 hadi 18. Wale niliowaorodhesha wakati nawasilisha jalada sasa wanavaa sare za chekechea.

Naomba basi bibi apewe mstari wake, nami niruhusiwe kubisha hodi, kabla watoto hao hawajaingia darasa la kwanza.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa nne, kozi ya miezi 18.