Boksi la Mjomba na Vipande vya Binamu

Korosho zikilipwa vizuri, kata yetu ya Mahurunga haihitaji kutangaziwa. Msimu unafunguliwa Oktoba, minada inapita, fedha zinashuka kwa wakulima kupitia vyama vya msingi (AMCOS), na kabla mwaka haujaisha kata nzima inatetemeka. Ukitaka kujua nani kauza kilo nyingi, usimsumbue karani wa AMCOS. Simama njia panda saa moja jioni, utege sikio. Anayepiga singeli mpaka mabati ya jirani yanaitikia, huyo kavuna. Anayepiga taarabu kwa adabu, huyo bado anasubiri malipo.

Lakini wapenda muziki wa kwetu wamegawanyika madhehebu mawili, na hakuna shehe wala padri aliyeweza kuwapatanisha. Dhehebu la kwanza ni watu wa boksi. Hawa hununua hom thieta iliyofungwa kiwandani: sabufa moja, spika tano ndogo, deki, redio na rimoti, vyote vimelala pamoja ndani ya plastiki nyeupe. La pili ni watu wa vipande. Hawa huunga: amplifaya leo, miksa mwezi ujao, spika akija mteja wa mpunga, na waya kila wanapopita dukani. Mtu wa boksi humwona mtu wa vipande kama aliyeshindwa kununua kitu kizima. Mtu wa vipande humwona mwenzake kama aliyenunua mwanasesere.

Mimi naishi Mtwara mjini, na kwa kuwa nilisoma fizikia hadi kidato cha sita, ukoo wetu unaniamini kwa kila chenye waya. Malipo yangu ni ming'oko na kuku. Kwa hiyo Mjomba alipotaka boksi na mwanawe, binamu yangu, akashikilia vipande, niliitwa nikaamue. Ikumbukwe kwamba kwa sisi Wamakonde mjomba ni mtu mzito. Unapoitwa kumwamulia, hukumu inakuwa imekwisha andikwa. Wewe unaitwa kuisoma.

Hata hivyo nilijitahidi. Niliwaeleza kwamba ugomvi huu haukuanzia bonde letu la Ruvuma. Mwaka 1954 kampuni ya Harman Kardon ya Marekani ilitoa Festival D1000, moja ya mashine za mwanzo kuweka redio na amplifaya katika sanduku moja, ili mwenye nyumba asiwe fundi kwanza ndipo asikilize muziki. Wenye masikio makali wakanuna, na hoja yao haijachakaa mpaka leo. Mashine moja ikilazimika kusukuma spika zote kwa transfoma moja, sauti ikipandishwa zinagombea umeme uleule na muziki unakabwa. Tena vitundu vya kupokelea picha na sauti hubadilika kila baada ya miaka michache, boksi zima likazeeka kwa ajili ya tundu moja, wakati amplifaya nzuri ya miaka ya 1970 bado inaimba.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mpwa wangu, redio yangu ya National ilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa naitundika kwenye usukani wa baiskeli, nasikiliza RTD mpaka shamba. Hukuniona hata siku moja nimebeba redio mkono huu na sauti yake mkono ule." Binamu akafungua kinywa. Mjomba akamtazama. Binamu akakifunga.

Boksi likanunuliwa Mtwara, likapanda Hiace likiwa limepakatwa kama bibi harusi. Mbele lilikuwa limeandikwa kwa wino wa dhahabu: wati 12,000, na pembeni herufi PMPO. Hapo fizikia yangu ikapata kazi. Pini ya kwetu ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wa ukutani ni volti 230. Zidisha, unapata wati 2,990. Yaani boksi lilikuwa likidai kutoa mara nne ya kile ambacho pini yake ingeweza kupitisha bila fyuzi kukatika. Nikaligeuza. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, ilisomeka kwamba linavuta wati 90. PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, inayohesabiwa na muuzaji akiwa na furaha. Nguvu ya kweli, ile ya kudumu, huandikwa RMS, na haiandikwi kwa dhahabu. Nikamwonesha Mjomba. Akazisoma zote mbili, akaamua: "Hizo za nyuma ni za siku ya kawaida. Za mbele ni za sikukuu."

Ikaja kazi ya kupanga spika. Dolby Digital, mfumo wa sauti ya kuzunguka, uliingia majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Waliouunda waliwazia watu waliokaa kwenye viti, wote wametazama mbele. Hawakuwazia sebule ambayo nusu ya watazamaji wamekaa mkekani, robo wamesimama mlangoni na waliobaki wananing'inia dirishani kwa nje. Spika za nyuma zilipaswa kukaa nyuma ya wasikilizaji. Nyuma ya wasikilizaji palikuwa uani, na uani palikuwa na banda la kuku. Mjomba, mtu wa kufuata maelekezo, akazitundika huko. Jioni ile kuku walipata muziki ambao hawakuuomba, na nasikia kwa siku kadhaa hawakutaga.

Spika ya katikati ilimsumbua Mjomba kwa sababu ilikuwa fupi, imelala ubavu, na haikuwa na mwenzake wa kulingana naye. Kijana wa genge alikuwa akihitaji kaspika ka kuunga na simu yake, Mjomba akampa. "Tano na nne kuna tofauti gani?" aliuliza.

Tofauti ilionekana usiku ilipowekwa filamu ya Kihindi. Katika sauti ya 5.1, maneno ya wahusika karibu yote hupita spika ya katikati. Nyingine hubeba muziki, mvua, milango na ngurumo. Basi sebuleni kwa Mjomba mvua ilinyesha kutoka kila pembe, bangili zikalia, kofi likapasuka mpaka watoto wakainama, lakini hakuna aliyesema neno. Midomo inacheza, kimya. Mama mkwe anamfokea mtu, kimya. Bibi, ambaye hajui Kihindi, hakuona upungufu wowote. Alishika usukani. "Hapo anamwambia mahari haijatimia," akatangaza. "Na huyu anasema atalipa korosho zikiuzwa." Filamu ilikwisha watu wakipiga makofi. Kijana wa genge alipoombwa arudishe spika, wazee wakapendekeza abaki nayo.

Binamu, wakati huo, alikuwa akikusanya vipande kimyakimya. Na hapa nimpe haki yake: korosho haziuzwi zote mnada mmoja, na vipande navyo havinunuliwi kwa mkupuo. Malipo ya kwanza yalileta amplifaya ya mtumba, nzito kama kinu. Yaliyofuata yakaleta miksa na spika mbili zenye bufa za inchi 15. Hakukopa kwa mtu. Anayetaka boksi hana budi kungoja fedha zote zifike, na fedha zikikaa zinangoja, shemeji hutokea.

Shida ya binamu ilikuwa LUKU. Amplifaya ile ilikuwa inakula yuniti, na mkewe alikuwa anazihesabu. Akabuni maarifa: miksa akaichomeka kwake, amplifaya akaichomeka kwa jirani kwa ekstensheni iliyopita juu ya ua. Alipowasha, kabla hata wimbo haujawekwa, ukatoka mngurumo mnene usiokatika. Wazee waliokuwa barazani wakasimama. Kwetu viboko hupanda kutoka Ruvuma usiku kula mpunga, na mngurumo wa namna ile mtu haungoji ufafanuliwe. Vijana wawili wakashika madebe, wakaondoka mbio kuelekea bondeni kufukuza viboko wasiokuwepo, huku binamu akiwa uani anapiga miksa vibao.

Mashine mbili zilizounganishwa kwa waya wa sauti zikipata ethi mbili tofauti, umeme mdogo hupita kwenye waya ule, na spika hulia mapigo 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo mapigo ya umeme wa Tanzania. Dawa yake ni kuchomeka vyote soketi moja. Nilipomweleza hivyo alisikitika. Viboko angeweza kuwazoea, yuniti zilimuuma.

Siku vijana walipotoka jandoni, binamu ndiye aliyepewa muziki. Watu wakawa wengi, akaazima spika nyingine, akazipachika palepale penye zile za kwanza, upande huu nne, upande ule nne. Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme: spika ya omu 8 ikiungwa sambamba na mwenzake wa omu 8, amplifaya inaona omu 4. Zikiwa nne inaona 2, na umeme unaotakiwa unakuwa mara nne ya ule wa spika moja. Mgongoni mwa amplifaya palikuwa pameandikwa isishuke chini ya omu 4, lakini mgongo ulikuwa umeelekea ukutani. Wimbo wa pili ulipopamba moto, moshi mweupe ukapanda taratibu nyuma ya meza. Umati ukashangilia, ukadhani ni zile mbwembwe za jukwaani za wasanii wa Dar es Salaam. Akina mama wakapiga vigelegele. Binamu peke yake ndiye aliyekuwa akilia.

Lakini angalia kilichofuata. Alichomoa amplifaya iliyoungua, akaazima nyingine kwa mtu wa kanisani, akapunguza spika, na sherehe ikaendelea. Kesho yake fundi wa kijijini aliifungua ile mbovu, akabadilisha transista mbili alizonyofoa kwenye mashine nyingine marehemu, ikapona.

Boksi la Mjomba halikupata bahati hiyo. Masika ilipoingia, mjusi alitafuta pakavu, akaingia kwenye sabufa kupitia tundu la hewa, akalala juu ya bodi na kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Amplifaya ya spika zote ilikuwa humohumo ndani ya sabufa, kwa hiyo mjusi mmoja alizima redio, deki, sinema na sikukuu. Fundi alifungua, akatazama saketi ndogo kuliko punje ya ulezi, akafunga tena kwa heshima kama anayefunika jeneza.

Vipande navyo vina lawama yake. Muziki wa binamu una waya ambazo ni yeye tu anayezijua, na chumvi ya upepo wa kusi hula kila kiungo. Akisafiri kwenda Msimbati, nyumba yake inakuwa kimya, kwa maana hakuna mwingine anayethubutu kuwasha. Boksi la Mjomba, enzi za uhai wake, liliwashwa na mjukuu wa darasa la pili kwa kidole kimoja.

Basi hukumu yangu, ambayo Mjomba ameikubali kwa sharti kwamba ionekane imetoka kwake, ni hii. Kama unataka sinema na taarifa ya habari, na nyumbani kuna watoto na wazee, nunua boksi, ulifunike kitambaa cha wavu kuzuia mijusi, na usigawe spika hata moja. Kama unataka muziki wa kupeleka kwenye harusi na jando, tena ukulipe, nunua vipande, kimoja kwa kila malipo. Na vyovyote utakavyochagua, ukifika dukani usisome mbele. Geuza nyuma, soma wati zinazovutwa na omu zinazokubalika, kisha kabla hujatoa fedha mpigie simu fundi wa kijijini kwako, umtajie jina la mashine. Akiguna, rudisha kwenye rafu.