Nguva Aliyekwenda Miami Bila Mimi

Mke wangu hana makelele. Aliweka karatasi mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Baba Salma, Ijumaa saa tano usiku ulikuwa Miami na nani?"

Ijumaa saa tano usiku nilikuwa hapa hapa Orlando, ubavuni pake, nakoroma. Shahidi ni yeye. Lakini bili ya tozo ya barabara ilikuja na picha: gari kwa nyuma, namba yangu, na nguva wangu.

Hapa Florida ukichoshwa na kibao cha namba cha kawaida chenye picha ya machungwa, unaruhusiwa kuchukua chenye picha ya jambo unalolipenda. Unaongeza ada, na nyongeza hiyo inakwenda kulihudumia jambo lenyewe. Mchezo ulianza 1987 kwa kibao cha kuwakumbuka wanaanga 7 wa Challenger, chombo kilicholipuka mwaka uliotangulia. Sasa vibao viko zaidi ya 100: vyuo, timu, kasa, chui. Nguva alitoka 1990, na ni dola 25 kila mwaka kwa ajili ya kumtunza.

Mimi mtu wa Kilwa. Siku nilipomwona ukutani katika ofisi ya kodi ya kaunti (ndiko tunakofuata namba za gari, usiniulize), nilihisi nimekutana na mtu wa ukoo ughaibuni. Nikalipa bila kuuliza chenji.

Jioni nikampigia mjomba, mvuvi mstaafu.

"Dola 25 kwa mwaka?" akasema. "Na nyama wanakuletea lini?"

"Hakuna nyama, mjomba. Tunamlinda."

Akanyamaza hadi nikadhani bando limekata. Nikamtumia picha niliyompiga mnyama mwenyewe Blue Spring, ambako msimu wa baridi hujazana mamia kuota maji ya vuguvugu. Jibu likaja kwa sauti: "Mwanangu, umepigwa. Mkia wa nguva umegawanyika kama wa pomboo. Huyo wako kaazima mwiko wa pilau."

Na ni kweli. Wa Florida ni binamu tu wa nguva wetu, mkia wake duara. Hao wetu mjomba kawatoa kwenye jarife kwa mikono yake, wengine wameshakufa maji. Siku hizi, akasema, kuanzia Rufiji hadi Kilwa, kumwona mmoja ni bahati. Hapo hakutania, na mimi sikucheka.

Sasa, kibao cha namba huku ni mali ya mtu, si ya gari. Ukiuza gari unakifungua, unaondoka nacho. Nililijua hilo. Ila siku ya kuuza gari langu kuukuu skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu, bisibisi ikateleza ikanichana kidole, na kijana mnunuzi anaangalia saa. Nikasema maneno ambayo mtu wa pwani hatakiwi kuyasema kwenye nchi yenye kamera: "Nenda nacho, utaniletea kesho."

Kesho ile ilichukua wiki tatu. Barabara nyingi za kulipia hazina mtu wa kukusimamisha. Kamera inapiga namba, bili inamfuata mwenye namba. Zilinifuata nne, zote za Miami, zote za usiku. Nguva, mnyama mpole anayeshinda akila majani, alikuwa anakesha disko kwa jina langu.

Nilimpigia kijana simu mbele ya mke wangu, spika wazi. Akashangaa: alidhani kibao kimekuja na gari. Tena, akasema, wasichana wa kule wanampenda sana yule samaki.

"Si samaki," nikamwambia. Mke wangu akanitazama kwa namna ya kuniuliza kama hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili kibao kikarudi, kina mchanga. Nikataka kukifunga kwenye gari jipya, mke wangu akanipokonya bisibisi. Akakaza skrubu zote mwenyewe, kisha akakivuta kibao mara mbili, kama anayehakikisha mbuzi kafungwa.