Namna ya Kuishabikia Lipuli Ukiwa Kilolo

Kabla ya yote, mnyalukolo, kapime presha. Ikikutwa juu, chukua Simba au Yanga kama majirani zako. Huko ukifungwa leo, kesho kutwa unacheka. Lipuli, timu ya Iringa, haiwafai watu wenye haraka.

Ukishaamua, kariri tarehe, maana shabiki wa timu inayofungwa hana pointi, ana kumbukumbu. Mwaka 2017 Wanapaluhengo, yaani Lipuli, walirudi Ligi Kuu baada ya kukaa nje miaka mingi. Mei 2019, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Yanga walikuja Uwanja wa Samora, Iringa mjini, wakalala mabao 2-0: Paul Nonga na Daruesh Saliboko. Hiyo ndiyo silaha yako. Itoe katika kila ubishi, hata ubishi wenyewe ukiwa wa bei ya njegere.

Ila hadithi usiifikishe Juni mosi, siku ya fainali. Siku hiyo, kwenye Uwanja wa Ilulu kule Lindi, Obrey Chirwa wa Azam alifunga bao moja, likatosha. Ukiulizwa fainali iliishaje, jibu kwamba Lindi ni mbali, kisha agiza ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Ulanzi nao una kanuni zake. Timu ikishinda, mtogwa unatosha, ule mtamu ambao hata bibi anakunywa. Ikifungwa, mkangafu, ule mkali uliochacha. Tatizo ni msimu wa 2019/20, ambapo timu iliyotoka kucheza fainali ilishuka daraja pamoja na Ndanda, Singida United na Alliance. Korona iliisukuma ligi hadi Julai, na Julai mianzi haitoi kitu. Watu tuliishuhudia timu ikishuka tukiwa wakavu kabisa, jambo ambalo kwa maoni yangu bodi ya ligi ingelifikiria.

Siku ya mechi, toka mapema. Vaa jezi, juu yake koti zito. Baridi ya Kilolo ni kisingizio tu. Faida ya koti ni zipu. Mkishinda unaifungua mpaka kitovuni, mkifungwa unaivuta hadi kidevuni na kupita Ipogolo, njiani kurudi nyumbani, kama mtu aliyetoka hospitali kumwona mgonjwa. Mvua ikinyesha na gari likikwama kwenye tope, shuka usukume bila kulalamika. Kuna mechi ambazo kuchelewa dakika arobaini ni neema.

Lawama zipangie zamu. Anza na refa, uje kwenye nyasi, halafu kocha. Selemani Matola, aliyetufikisha fainali, alituacha, na katika msimu huohuo wa kushuka akawa kocha msaidizi wa Simba. Hiyo ni sababu halali, itumie kidogokidogo isije ikaisha.

Na watani wa Mbeya? Watakuja na hadithi ya Mbeya City kushika nafasi ya tatu msimu wa 2013/14, msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu. Wakumbushe kwamba 2023 nao walishuka. Watakujibu kwamba 2025 wamepanda tena. Hapo uliza viazi vya Uyole vinaendeleaje.

Kanuni ngumu nimeiweka mwisho kwa sababu inagusa mfuko. Lipa kiingilio hata mgeni akiwa timu ambayo hujawahi kuisikia redioni. Yule jirani anayekusalimia "kamwene" kwa upendo, akiingia Samora siku ya Yanga amevaa njano na kijani, usigombane naye. Muulize tu mara ya mwisho alikata tiketi lini Yanga ikiwa Dar es Salaam. Timu ambayo wenyeji wake walijaza uwanja siku ya Simba na siku ya Yanga tu, na nusu yao wakiwashangilia wageni, haikushushwa na refa.