Mgeni Njoo, Jezi Iache Kwenu

Shabiki wa Chuo Kikuu cha Michigan unayekwenda Columbus, Ohio, kutazama futiboli ya Kimarekani dhidi ya mahasimu wenu wa Chuo Kikuu cha Ohio State mwishoni mwa Novemba, karibu sana. Usishtuke ukikuta herufi M kwenye vibao vya chuo zimepigwa X kwa utepe mwekundu. Ohio State ina maprofesa wa kila fani; wiki hiyo tu ndiyo alfabeti huwashinda.

Njiani utapita Toledo, mji ambao Ohio na Michigan, kabla Michigan haijawa jimbo, ziliukusanyia wanamgambo mwaka 1835. Usiulize ni wa nani. Ohio ilipewa mji, Michigan ikapewa sehemu kubwa ya rasi ya kaskazini iliyojaa shaba na chuma, na hadi leo kila upande unajiona umepunjwa.

Hotelini utatozwa bei ya fungate kwa chumba cha mlinzi, pengine na malipo ya siku mbili kwa lazima. Lipa, ndugu.

Maegeshoni watu huchoma soseji na kufungua bia tangu alfajiri, mechi yenyewe saa sita mchana. Ukikaribishwa, kula, matusi hutolewa pamoja na haradali, bila nyongeza ya bei.

Na mkishinda, tafadhalini, bendera ibaki mkononi. Novemba 2024 wachezaji wa Michigan walikwenda kuisimika katikati ya uwanja. Ngumi zikaruka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na kila chuo kikapigwa faini ya dola 100,000. Fedha hizo zingetosha vyumba viwili vya hoteli, pengine na kifungua kinywa.