Salamu za Makalio kutoka Mlima Washington

Shangazi,



Mzee ninayemtunza ametimiza miaka 90, na zawadi aliyoitaka ni kufika kilele cha Mlima Washington, jimbo la New Hampshire, akiwa ameketi. Inawezekana. Tangu 1869 kuna treni inayokwea mpaka juu, mita 1,917, kwa gurudumu la meno linalong'ata reli ya katikati. Aliyeianzisha, Sylvester Marsh, inasimuliwa kwamba alinaswa na dhoruba akipanda kwa miguu, akaazimia watu wafike bila jasho. Alipoomba kibali, mbunge mmoja akamkejeli kuwa aiendeleze tu mpaka mwezini. Pahali paitwapo Ngazi ya Yakobo mwinuko unapita asilimia 37. Mimi niling'ang'ania kiti, mzee akala biskuti zake.

Karibu na kilele, reli inakatana na njia ya miguu ya Appalachian. Hiyo, Shangazi, ina kama kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi Maine, na kuna watu wanaoacha kazi nzuri waitembee yote, miezi mitano au sita, bila kufukuzwa na mtu. Wakifika hapa wamekwisha kula karibu kilomita 3,000. Wana ndevu za kinabii na harufu ambayo ungeweza kuitundikia koti. Halafu wanaona treni ikipandisha watu wenye viatu vyeupe, wanaokwenda kupiga picha kwenye kibao kilekile cha kilele, kisha wanywe supu.

Mawe hawarushi. Wanapanga mstari, wanageuka, wanainama, wanashusha kaptula. Hiyo ndiyo desturi yao, ya miaka mingi, na hawaiachi kwa sababu ya baridi, ingawa mlima huu ndio uliopimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934.

Nilifumba macho. Si wewe uliyenisimulia habari za Muthoni Nyanjiru, 1922, alivyoinua nguo yake kuwasuta wanaume waliositasita nje ya kituo cha polisi Nairobi, kiongozi wao Harry Thuku akiwa kizuizini ndani? Na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Uhuru Park, 1992, waliowavulia polisi nguo? Kwetu mtu mzima akikuvulia makusudi, unatafuta wazee na mbuzi wa kuondoa laana. Huku abiria walipiga makofi! Bibi mmoja alilalamika tu kwamba dirisha lake lina ukungu.

Watembeaji husingizia moshi na kelele, na kweli zamani injini zote zilichoma makaa ya mawe. Mimi sisadiki sana. Mlima huohuo una barabara tangu 1861, na sijasikia gari likitolewa salamu hizo. Nadhani ni gere. Mtu aliyelala kwenye hema msimu mzima akimwona mwenzake kwenye kiti chenye mto, lazima aseme kitu, na mdomo umechoka.

Mzee wangu alivua kofia, akawainamia kwa heshima zote, kisha akanisihi nipige picha. Ninayo. Kwenye grupu ya familia siiweki, maana Mchungaji yumo. Ukiitaka, niandikie pembeni.